Tusaidiane Kupunguza Uzito: Tuliyojifunza Katika Vikundi vya Sharika

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika. Tunaichapa kwa ombi la wajumbe.)



Ratiba ya semina hii ilipotoka, mjumbe mmoja alinipigia simu kuniuliza kama kuna makosa ya uchapaji. Alitegemea nizungumzie visima au mbuzi wa maziwa. Nilipomwambia hakuna kosa alicheka, akasema, "Mama Mratibu, tangu lini kanisa likashughulika na vitambi?" Naomba nianze na swali lake, maana najua wengi wenu mnalo, na wafadhili wetu pengine wanalo zaidi. Wao wametufahamu kwa miaka mingi kama watu wa lishe ya watoto wenye upungufu wa chakula.

Kazi hiyo bado ipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini utafiti huo huo ulionyesha pia kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 22. Sisi tunaotembelea kaya tumeyaona mambo hayo mawili chini ya paa moja: mtoto amedumaa, na bibi yake anapanda ngazi tatu za kanisa akishika ukuta. Kisukari na presha vinakula akiba ya familia kama ukame unavyokula mazao. Kikundi cha akiba kinaweza kumkopesha mama mtaji wa genge, na mtaji wote ukaishia kwenye dawa. Kwa hiyo hili nalo ni suala la maendeleo.

Mimi mwenyewe mwaka 2017 nilikuwa na kilo 96. Nilikwenda kupima presha kwa ajili ya kichwa kilichokuwa hakiachi kuuma, daktari akanipima na sukari. Haikuwa kisukari, ila kilikuwa kinabisha hodi. Alinipa karatasi ya vyakula, akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Niliibandika jikoni kwa heshima zote. Baada ya wiki mbili mwanangu alikuwa ameigeuza na kuchora gari nyuma yake, wala sikuona pengo. Jamani, mimi nina shahada, nimeendesha mafunzo ya lishe katika vijiji vingi, na ninajua soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Kujua hakukunisaidia.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwa watu. Sisi tuliokua katika miaka ya 1980 na 1990 tunakumbuka neno "amekonda" lilimaanisha nini. Jirani zetu wa Uganda waliuita UKIMWI kwa jina la wembamba wenyewe. Huku kwetu mtu akipungua, watu walianza kuhesabu: mume wake alifia wapi, yeye alikuwa akisafiri wapi. Kunenepa ndiyo ilikuwa habari njema. Umenawiri, umependeza, mume anakutunza. Mawazo hayo hayajaondoka. Nilipopunguza kilo nne za kwanza, mama mmoja wa kwaya alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Mwenzetu mwingine aliacha kabisa, kwa sababu mama mkwe alisema anamwaibisha mwanawe, watu watadhani hamlishi. Hapo sijataja misiba na harusi, ambako kukataa sahani ni kama kumkataa mwenye shughuli.

Mtu akipingana na mambo hayo yote peke yake atachoka. Anahitaji watu wengine watakaomwambia kuwa hajaugua wala hajaringa.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1961 huko Queens, New York, mama wa nyumbani aitwaye Jean Nidetch alikuwa amepewa mpango mzuri wa chakula na kliniki ya idara ya afya ya mji. Alikuwa akipungua, lakini kuna jambo hakuweza kuwaambia wale wa kliniki: alikuwa bado anakula biskuti kwa kujificha. Akawaita nyumbani kwake rafiki zake sita, wanene kama yeye, akaungama biskuti zake. Nao wakaungama za kwao. Baada ya miezi miwili watu wapatao arobaini walikuwa wakikutana, na mwaka 1963 kikawa kiini cha kampuni ya Weight Watchers. Biashara iliyofuata si shauri letu leo. Ninachokipenda ni ile jioni ya kwanza, kwa sababu mpango wa chakula ulikuwa ule ule wa kliniki, na kilichoongezeka ni watu wa kuambiwa ukweli.

Kwa wale wanaotaka ushahidi wa kitaalamu, nao upo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliofundishwa kubadili chakula na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kwa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo sita na kidogo tu, wala si kurudi kwenye gauni la harusi. Shida ni kwamba mafunzo hayo yalitolewa kwa mtu mmoja mmoja na yalikuwa ghali. Ndipo YMCA ya Indianapolis ikajaribu kuyatoa kwa vikundi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa baada ya miezi minne hadi sita watu wa vikundi walikuwa wamepunguza wastani wa asilimia 6 ya uzito wao, na wale waliopewa ushauri mfupi tu, asilimia 2.

Na tusisahau walimu wetu wa karibu. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO nchini Uganda, watu walioguswa na UKIMWI wakiketi pamoja wakati wengine wanawakimbia. Vikundi vya WAVIU katika sharika zetu vilirithi utaratibu huo. Ujuzi wa kuketi na mtu katika jambo analolionea aibu tulikuwa nao tayari, ila hatukuutumia.

Sasa nije kwenye kosa, nalo ni langu.

Mwaka 2018 tulianzisha kikundi cha kwanza katika usharika mmoja wa mjini. Tulifanya kama mashindano, maana nilidhani mashindano yanahamasisha. Tulinunua mizani ya bafuni, tukaiweka katikati ya ukumbi, na kijana mmoja wa kwaya akasoma namba kwa sauti huku mwingine akiandika ubaoni. Zawadi ya kitenge ilikuwa juu ya meza. Siku ya kwanza tulikuwa na furaha sana. Ikafika zamu ya mama mmoja mtu mzima, mzee wa kanisa mstaafu. Alipopanda, mshale ulizunguka hadi mwisho wa namba ukagota. Yule kijana akasema, "Mizani imeshindwa!" Ukumbi ukacheka. Na mimi nilitabasamu.

Wiki iliyofuata hakuja. Baada ya mwezi walikuwa hawaji karibu wote waliokuwa na uzito mkubwa, tukabaki sisi tuliokuwa na kilo chache za kupunguza, na kitenge chetu. Yule mama aliacha hata kuja ibadani. Nilikwenda kwake, nikamwamkia, akanikaribisha chai bila kinyongo. Halafu akaniambia, "Mwanangu, nimezaa watoto sita nikazika wawili. Sikuwahi kulia mbele ya watu. Siku ile nililia njia nzima." Sikuwa na la kumjibu. Niliomba radhi, na baadaye niliomba radhi mbele ya kikundi, lakini kikundi hakikupona. Tulikifunga.

Tulipoanza tena mwaka 2019 tuliwauliza kwanza wahusika wanataka nini. Majibu yao yalitushangaza. Hawakutaka mwalimu wa lishe kila wiki. Walitaka saa moja ya kusema. Basi mizani ikahamia chumba cha vestri, kila mtu anapima mwenyewe na kuandika kwenye daftari lake, asiyetaka hapimi. Katika duara kila mmoja anasema wiki ilikwendaje, ni wapi alishindwa, na wiki ijayo atajaribu nini kimoja. Si vitatu. Mmoja anasema atapunguza kijiko kimoja cha sukari kwenye chai, mwingine atashuka daladala kituo kimoja kabla. Hakuna anayempa mwenzake ushauri bila kuombwa, na hii ndiyo kanuni ngumu kuliko zote kwa Walutheri.

Mwezi Machi 2020 mikusanyiko ilipozuiwa, tulihofu kikundi kitakufa. Badala yake kilihamia kwenye simu, na huko ndiko kilikopata uhai ambao ukumbini hatukuwahi kuuona. Sababu ni rahisi: njaa ya sukari haiji Jumatano saa kumi na moja jioni wakati wa kikao. Inakuja saa nne usiku, watoto wamelala, na nusu ya keki iko kabatini. Saa ile mtu anaandika, "Wapendwa, nimezidiwa," na kuna mtu macho wa kumjibu. Asubuhi saa kumi na moja na nusu mmoja anatuma sauti ya jogoo wake, ndiyo ishara ya kuamka kutembea. Wasio na simu za kisasa kila mmoja ana mwenzake wa kumpigia. Tulilazimika kuweka masharti baada ya watu kuanza kutangaza vidonge na chai za kuyeyusha tumbo: hakuna matangazo, hakuna picha ya mtu mwingine, hakuna namba za kilo. Na anayepungua bila kujitahidi hapongezwi. Anapelekwa zahanati haraka, kwa sababu kisukari na kifua kikuu navyo hukondesha. Wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa za kisukari hawabadilishi chochote kabla ya kuonana na mhudumu wa afya.

Yule mama niliyewaambia yumo kwenye kundi hilo. Aliingia kwa simu ya mjukuu wake, bila kuaga wala kubisha hodi. Haandiki, anatuma ujumbe wa sauti. Mmoja ninaukumbuka: "Nipo msibani, pilau limefika, nimeomba sahani ndogo. Mniombee, harufu ni kali." Watu kumi na moja walimjibu kabla hajamaliza kula. Sasa kliniki ya kisukari haikosi, jambo alilokuwa akilikwepa kwa miaka. Amepungua kilo ngapi? Sijui. Hajasema, na mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kumwuliza.

Hapa ndipo nina ombi kwa marafiki zetu wafadhili. Fomu ya taarifa ya robo mwaka ina safu ya jumla ya kilo zilizopunguzwa. Ninaelewa kwa nini ipo. Fedha za watu zinahitaji maelezo. Lakini ili niijaze lazima nirudishe mizani katikati ya ukumbi. Katika safu hiyo mama yule ni sifuri. Naomba tukubaliane viashiria vingine: wangapi wanahudhuria baada ya miezi sita, wangapi waliokosa wiki tatu walirudi, wangapi wamepima presha na sukari. Kama hilo litafanya mradi usifadhiliwe, afadhali usifadhiliwe. Gharama yake ni mizani, futi ya kupimia kiuno na daftari. Vikundi vitaendelea.

Kwa kamati za sharika ombi langu ni dogo zaidi. Tupeni chumba chenye mlango unaofungwa, mara moja kwa wiki. Wanaume pia waambiwe wanakaribishwa. Hadi sasa tunao wachache mno, na wengi wao wameletwa na wake zao baada ya daktari kuwatisha. Mchungaji mmoja amejiunga na huwa anaungama chipsi mayai, jambo ambalo limewafungulia wengine midomo kuliko mafundisho yangu yote.

Fomu za kuomba mizani ziko kwa katibu wangu hapo mlangoni. Sasa ni mapumziko. Mtaona mezani kuna maji, ndizi na karanga. Soda na sambusa hazijasahaulika, hazikununuliwa. Mwenye malalamiko asimwonee katibu, aje kwangu.