Beki Aliyejifungua na Kurudi: Joy Fawcett na Gharama ya Kudumu Uwanjani



Tarehe 1 Julai 1999, mjini Landover, Maryland, Marekani walikutana na Ujerumani katika robo fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake. Mambo yaliwaharibikia mapema. Dakika ya tano Brandi Chastain alimrudishia mpira kipa wake, Briana Scurry, wakapishana, akawa amejifunga. Hadi mapumziko Ujerumani waliongoza 2–1. Chastain huyohuyo akasawazisha, na dakika ya 66 Shannon MacMillan, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka benchi, akachonga kona. Beki mmoja akauwahi mpira kwa kichwa: 3–2. Beki huyo alikuwa Joy Fawcett, mwenye miaka 31 na watoto wawili.

Siku tisa baadaye, mbele ya watazamaji 90,185 katika uwanja wa Rose Bowl, Marekani walitwaa ubingwa kwa penalti dhidi ya China. Dunia inaukumbuka mkwaju wa tano, wa Chastain, na jezi aliyoivua. Mkwaju wa pili, uliopigwa na Fawcett ukatinga wavuni bila kelele, ni wachache wanaoutaja. Hiyo ndiyo bahati ya mabeki: siku wakikosea wanatajwa, siku wakifanya kazi yao sawasawa sifa zinakwenda mbele. Nami naona ni dhuluma, kwa sababu huyu alikuwa beki wa kulia aliyejua wakati wa kukaa na wakati wa kupanda. Fainali ya Olimpiki ya 1996, mjini Athens, Georgia, ikiwa 1–1 dhidi ya Wachina hao hao, Mia Hamm alimpenyezea mpira upande wa kulia. Fawcett alikuwa ametoka mbali nyuma. Aliukokota hadi ndani ya eneo la hatari, na badala ya kupiga mwenyewe akamsogezea Tiffeny Milbrett, aliyemalizia. Medali ya kwanza ya dhahabu ya soka la wanawake katika historia ya Olimpiki ilitokana na pasi ya beki.

Aliitwa timu ya taifa mwaka 1987 na kustaafu mwaka 2004, akiwa na mechi 241 na mabao 27. Katikati ya miaka hiyo alikuwa pia kocha mkuu wa kwanza wa timu ya wanawake ya chuo kikuu cha UCLA. Lakini takwimu inayonishangaza kuliko zote ni hii: katika Kombe la Dunia la 1995, la 1999 na la 2003 hakukaa nje ya uwanja hata dakika moja. Mechi 18. Sasa iwekeni kando ya nyingine: alijifungua mwaka 1994, mwaka 1997 na mwaka 2001. Kabla ya kila mashindano hayo kulikuwa na mimba, uzazi, na mwili uliohitaji kujengwa upya.

Ni rahisi kuishia kusema alikuwa mwanamke jasiri. Alikuwa jasiri kweli. Ila ujasiri haumbebi mtoto wakati mama yuko mazoezini. Fawcett alisafiri na wanawe kambini, na nahodha Carla Overbeck, aliyejifungua mwaka 1997, akawa naye katika hali hiyo hiyo. Wachezaji walilidai jambo hili kwa pamoja, wakiwemo wasio na watoto, na shirikisho lao likakubali kugharamia yaya katika safari za timu. Fedha hizo, ukizilinganisha na bajeti ya timu ya taifa, ni kidogo sana. Bila hizo, sidhani kama rekodi ile ya dakika ingeandikwa.

Ilichukua muda mrefu kwa FIFA kumlinda mchezaji anayezaa. Tangu Januari 2021 kanuni zake zinampa mchezaji mwenye mkataba likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, nane kati yake baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Klabu hairuhusiwi kuvunja mkataba kwa sababu ya mimba. Na kanuni hiyo ina meno: mwaka 2022 klabu ya Lyon iliamriwa kumlipa Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland zaidi ya yuro 82,000 za mshahara uliokatwa akiwa mjamzito.

Vyama vya soka vya nchi zetu ni wanachama wa FIFA. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa sheria na wa michezo mlio ukumbini humu: mchezaji wa ligi ya wanawake akiwaletea mkataba wake muusome, msianzie kwenye dau la usajili. Tafuteni kwanza kama zile wiki 14 zimeandikwa, kisha muulize klabu, kabla binti hajatia saini, nauli ya yaya kwenda mechi za ugenini itatoka mfuko gani.