Mashua za Ubundu na Nguvu ya Maji

Baada ya taarifa ya habari, uchambuzi wetu leo unahusu mashua za mbao zinazopanda mto Lualaba, nchini Kongo, kutoka Ubundu hadi Kindu, kilomita 300 hivi.

Kwanza, tuelewe jinsi maji na mbao za mashua vinavyoathiriana. Maji yanasukuma ubao, ubao unapinda. Ukishapinda, maji nayo yanabadili njia na kuusukuma kwa namna nyingine. Wahandisi wana programu za kompyuta zinazogawa maji na mbao katika vipande vidogo sana, zikapiga hesabu hiyo hatua kwa hatua, mpaka ionekane ni kiungo gani kitaachia kwanza.

Jambo hili linakuhusu vipi, msikilizaji? Mama anayepakia mchele na watoto wake anauamini ubavu wa mashua ambao mara nyingi umepimwa kwa macho tu.

Kwa upande mwingine, fundi anaujua mti wake, na wavuvi Wagenia wa Kisangani husimika nguzo za mitego ya samaki katikati ya maporomoko bila kompyuta. Tena hesabu haimzuii mwenye mashua kuijaza kupita kiasi, na hilo naliona baya kuliko yote. Hata hivyo, mchoro mmoja wa mashua uliopigiwa hesabu vizuri ungewafaa mafundi wengi.

Je, ni nani atakayekaa na mafundi wa Ubundu kuuchora mchoro huo, na gharama ataibeba nani?