Kikao cha klabu kisimtangulie daktari: ulinzi wa wachezaji watoto katika vilabu vya mitaani Kigali



Mji wetu umeshika michezo. Mwaka 2023 uwanja wa hapa kwetu Nyamirambo ulipewa jina la Pelé. Mwaka 2024 uwanja wa Amahoro ulifunguliwa upya ukiwa na viti 45,000, na Septemba 2025 waendesha baiskeli bora wa dunia walishindana kwenye milima yetu. Watoto wanaona, wanatamani, wanajaa kwenye viwanja vya vumbi vya mitaani. Huko mtu mmoja ana usemi mkubwa juu ya ndoto zao: kocha. Yeye ndiye anayepanga kikosi na kupeleka majina kwenye majaribio ya akademia, na mara nyingi ndiye anayenunua viatu au kulipa ada ya shule. Wengi hufanya hivyo kwa moyo safi, na bila wao vilabu hivi visingekuwepo. Ila mamlaka hayo hayo humziba mdomo mtoto aliyechezewa kingono. Akisema, namba inakwenda, viatu vinakwenda, ada inakwenda. Nyumbani nako wanaona haya kumshtaki mfadhili.

Wala tusidhani ni jambo la wasichana peke yao. Novemba 2016 huko Uingereza, Andy Woodward, aliyelelewa kisoka katika klabu ya Crewe Alexandra, alijitokeza kueleza alivyonajisiwa utotoni na kocha Barry Bennell. Wavulana walikuwa wakilala nyumbani kwa kocha huyo, na wazazi waliliona hilo kuwa ni bahati. Ripoti ya wakili Clive Sheldon iliyotoka Machi 2021 ilitaja waathirika wasiopungua 692 katika soka ya nchi hiyo. Waliokaa kimya kwa miongo mingi wakati huo walikuwa watu wazima wenye familia zao.

Kwetu hatari huanza na mambo madogo. Mazoezi yanaisha jua likizama, na giza la Kigali halichelewi. Wenzake wameondoka, amebaki mtoto mmoja getini na begi lake, mama yake bado yuko sokoni. Kocha ana pikipiki: "Panda nikufikishe." Huenda ni wema mtupu. Lakini klabu yenye utaratibu haimwachi mtoto huyo wala kocha huyo katika hali hiyo. Watu wazima wawili wanabaki mpaka wa mwisho achukuliwe. Ndivyo ilivyo pia kwenye safari za Huye au Rubavu: kocha halali chumba kimoja na mchezaji mtoto. Na ujumbe wa simu hupitia kundi ambalo wazazi wamo, si kwa mtoto peke yake saa nne za usiku.

Linaloniuma zaidi ni yale tunayofanya mtoto anapopata ujasiri wa kusema. Tunaitisha kikao. Mwenyekiti, mzazi na mzee wa heshima wanakaa, mtoto anasimamishwa kueleza upya mbele ya wote. Familia inapewa chochote, kocha anahamia klabu ya mtaa wa pili, na huko pia kuna watoto. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kikao hicho kinakula saa za mtoto. Dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ushahidi ulio mwilini na kwenye nguo huondoka kwa maji na sabuni. Tukio la Jumatano jioni likingoja kikao cha Jumapili baada ya mechi, dawa haina kazi tena. Nchi yetu haina udhuru katika hili. Kituo cha Isange kilianza mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, na huduma hiyo sasa iko katika hospitali za wilaya: daktari, mshauri wa kisaikolojia na mpelelezi mahali pamoja, bure. Kila kijiji kina inshuti z'umuryango, yaani marafiki wa familia wanaolinda watoto, wawili: mwanamke na mwanamume. Na maafikiano ya familia hayafuti kosa la kumnajisi mtoto. Sheria ya mwaka 2018 ililiwekea kifungo kisichopungua miaka 20.

Najua swali lenu, viongozi na wazazi: je, kocha akisingiziwa? Basi akae kando na watoto, aiachie Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB) ichunguze. Upelelezi si kazi ya kamati ya klabu. Kazi yetu ni kumsikiliza mtoto bila kumhoji, kumfikisha hospitalini na kutoa taarifa.

Naomba kabla ya mazoezi yajayo kila klabu iteue mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wa kuendewa na watoto, asiwepo kocha kati yao. Andikeni majina yao ukutani penye kubadilishia jezi, pamoja na namba 116 ya watoto na 166 ya RIB, kisha muwasomee watoto kwa sauti, wazazi wakiwepo.