Kobalti ni yetu, batri ni ya nani?



Siye wenye diplome bila kazi tunapanda moto kila siku. Esanse ikipanda, bei ya safari nayo inapanda. Na injini ya esanse inapoteza sehemu kubwa ya nguvu katika joto, wakati mota ya umeme inageuza karibu 90 kwa mia kuwa mwendo.

Batri nyingi za magari ya umeme zinahitaji kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka inchini mwetu, nyingi inasafishwa China.

Lakini tuangalie: batri za chuma na fosfati, bila kobalti, ziko tayari barabarani. Wakituacha leo, tutabaki na mashimo tu.

Mwaka 2022 kituo cha utafiti wa batri kilifunguliwa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Njo maana tunadai mambo matatu: bajeti yake itangazwe, maabara yapokee vijana, moto za umeme zijaribiwe kwenye vumbi na matope yetu.

Hatuombi sadaka. Tunataka kujua kutengeneza kile tunachochimba.