Bunduki ya Samaki na Mto Mara



Vijana wetu wa Turwa wanauliza jinsi bunduki ya samaki inavyotengenezwa nyumbani, nami nimetakiwa kueleza.

Pwani ya Kenya inajulikana sana. Mwili wake ni mbao ngumu iliyokauka. Mbao mbichi hupinda, mshale ukaenda upande. Mshale ni nondo iliyonolewa ncha. Mpira hukatwa katika tyubu ya gari, hufungwa mbele, kisha huvutwa nyuma hadi kwenye kifyatulio. Kamba huzuia mshale usipotee. Basi! Haidai mashua wala wavu, ndiyo maana ni zana ya maskini. Kenya ilipoipiga marufuku mwaka 2001, iliwagusa hasa wasio na mashua.

Lakini mpigaji hulenga kwa macho, akiwa ndani ya maji. Mto Mara wakati wa masika ni uji wa udongo. Hata mkono wako huuoni. Mamba, kwa upande wake, hahitaji kuona: taya zake huhisi mtikisiko wa maji. Kijana atakayezama humo na bunduki yake ndiye atakayekuwa kitoweo.

Anayetaka vipimo vya mbao nitampa. Kabla ya kuitia majini popote, apite kwanza kwa Bwana Samaki wa wilaya.