Juu ya Kutoa Ishara kwa Mkono Tupandapo Baiskeli
(Hotuba iliyosomwa na Karani katika Mkutano wa Mwaka, Bondeni)



Twaomba radhi kuleta habari za baiskeli katika baraza lenye mambo mazito ya mazishi na karo. Lakini wengi wetu twalisha watoto kwa baiskeli: huyu apeleka mikate, yule maziwa, mwingine huiendea kazini Kilindini.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Asubuhi moja tulikuwa katika Barabara ya Digo, karibu na Marikiti, tukapunguza mwendo na kukata kulia ghafula pasipo kunyosha mkono. Hamali aliyekuwa nyuma na mkokoteni wa nazi alijitupa kando asitugonge. Nazi zikamwagika, goti lake likachanika. Nasi, kwa aibu, tukamkemea! Akatujibu kwa upole, "Bwana karani, ningalijuaje?" Hatukuwa na la kusema.

Katika nchi yetu vyombo hupita kushoto, kwa hiyo kukata kulia ndiko kwenye hatari zaidi. Mpanda baiskeli atazame kwanza nyuma juu ya bega la kulia, kisha aunyoshe mkono wa kulia wote, ulingane na bega. Akikata kushoto, hunyosha wa kushoto. Akitaka kwenda polepole, hunyosha wa kulia, kiganja chini, akaupandisha na kuushusha.

Hapa pana jambo ambalo wafundishao hulisahau. Mkono ulio hewani haushiki breki. Katika baiskeli zetu nyingi breki ya mbele iko mkono wa kulia, na ya nyuma mkono wa kushoto. Basi aonyeshaye kushoto amebakiwa na ya mbele peke yake, na akiibana kwa nguvu penye mchanga au matope ya masika, huanguka. Yafaa apunguze mwendo kwanza, aonyeshe mapema, kisha arudishe mkono usukanini kabla ya kupinda. Na ambaye mzigo haumruhusu kuachia usukani, ashuke, avuke akiisukuma. Si aibu, japokuwa vijana huona hivyo.

Mtasema madereva wa matatu na tuktuk hawatazami mikono. Ni kweli kwa baadhi yao, ndiyo maana hutazama tena kabla ya kupinda. Lakini ajaye nyuma ataijuaje nia yetu, na baiskeli haina taa za kuonyesha igeukako?

Hamali yule bado twamwona Marikiti, nasi humwamkua kwanza. Twaomba kila mzee mwenye kijana apandaye baiskeli ampeleke uwanjani wiki hii, amwone akiendesha kwa mkono mmoja, kabla hajamtuma tena barabarani.