Karafuu Inatuliza Jino, Haizibi Tundu

(Mazungumzo ya mtabibu wa meno na wanafunzi wa sekondari kisiwani Pemba. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa, pamoja na maswali ya mwisho.)

 

Nimekuja na mfuko wa karafuu. Hebu pitisheni huko nyuma, kila mtu achukue moja. Usiitafune kwanza, ishike tu.

Nyinyi ni watoto wa Pemba, sina haja ya kukwambieni hii ni nini. Wengi wenu mmekwea mikarafuu, mmekaa barazani usiku mkichambua huku redio inalia, na asubuhi mkaja skuli vidole bado vinanukia. Lakini umewahi kuitazama hasa? Ni ua. Ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka, likaanikwa juani mpaka likawa la kahawia.

Haya, sasa itieni mdomoni. Iweke pembeni kwenye gego na uing'ate polepole. Hesabu mpaka thelathini. Wewe pale, usimeze!

Mnasikia nini? Kwanza inawasha. Halafu ulimi unakuwa mzito, halafu pale mahali panakuwa kama si pako. Hiyo inaitwa ganzi. Mmejitia ganzi wenyewe, bila sindano. Bibi zenu walikuwa wanalijua hili kabla mimi sijazaliwa, na sikuja hapa kuwaambieni kuwa bibi zenu wamekosea.

Ndani ya karafuu mna mafuta mengi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo, kama asilimia 70 mpaka 90, ni kitu kimoja kinachoitwa yujenoli. Hiyo ndiyo inayonukia, na hiyo ndiyo inayotia ganzi. Inazuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo. Vile vile inaua baadhi ya vijidudu vya mdomoni. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo, ambacho kinakamua mafuta kutoka kwenye vile vikonyo mnavyovitenga wakati wa kuchambua. Na ukija kliniki yetu, utakuta tunachanganya yujenoli na unga mweupe wa oksidi ya zinki, tunapata kitu kama udongo wa kufinyanga, tunazibia jino kwa muda. Kwa hiyo ukinusa chumba cha daktari wa meno ukakumbuka jikoni kwa bibi, pua yako haikudanganyi.

Na si sisi peke yetu tulioligundua hili. Mkarafuu asili yake si Pemba. Unatoka visiwa vya Maluku, Indonesia, na huko Asia karafuu ilikuwa dawa ya mdomo tangu zamani sana. Inasimuliwa kuwa China, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mtu aliyekwenda kuzungumza na mfalme alitakiwa aweke karafuu mdomoni ili pumzi yake inukie. Hapa kwetu miche ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kwanza ilishamiri Unguja, lakini kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya kule, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba lenyewe. Basi si ajabu kuwa kila nyumba hapa ina karafuu kabatini, na kila nyumba jino likiuma, jambo la kwanza ni hilo.

Sasa nikuhadithieni yaliyonikuta mimi.

Nilipokuwa kidato cha tatu, gego langu la chini upande wa kulia lilitoboka. Nikinywa maji baridi nashtuka. Nikila kitu kitamu, usiku silali. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilikuwa naogopa kung'olewa, na mtihani ulikuwa unakaribia. Nikawa natembea na karafuu kwenye mfuko wa sare. Ikiniuma, naweka moja. Darasani, chuoni, kitandani. Wenzangu wakaniita "Makonyo". Na kweli, ilikuwa inatulia. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu siku moja jino likaacha kuuma kabisa. Hata maji baridi, kimya. Nikafurahi sana, nikasema karafuu imeniponyesha.

Wangapi hapa wangesema hivyo hivyo? Mikono mingi. Ahsanteni kwa kusema kweli.

Jino halikupona. Jino lilikufa. Ule mshipa wa fahamu ulio ndani ulikuwa umeoza, na kitu kilichokufa hakiumi. Lakini vijidudu vilikuwa hai, vikateremka kwenye mzizi mpaka ndani ya mfupa wa taya. Wiki ya mtihani niliamka shavu limevimba mpaka jicho limefumba, nina homa, na mdomo haufunguki vidole viwili. Kumeza mate ilikuwa kazi. Baba alinipakia kwenye gari ya shamba mpaka hospitali. Nikapasuliwa hapa, chini ya taya, usaha ukatolewa. Kovu mtaliona mkisogea karibu. Mtihani sikuufanya, nikarudia mwaka.

Daktari aliyenipasua akaniambia uvimbe ungeshuka shingoni ungeweza kuziba njia ya hewa. Nilikuwa sijui kama mtu anaweza kufa kwa jino. Nilidhani jino ni jino tu.

Fikirini shamba la mikarafuu lenye mlinzi. Mwizi akiingia, mlinzi anapiga kelele. Maumivu ya jino ndiyo kelele za mlinzi. Ukiweka karafuu, unamlaza mlinzi usingizi. Sawa, mpumzike usiku mmoja. Lakini mwizi yumo shambani na kapu lake, anachuma. Na mwizi mwenyewe ni nani? Ni vijidudu vinavyokula sukari iliyoganda kwenye meno na kutoa asidi, na asidi hiyo inalila gamba la jino mpaka linatoboka. Karafuu haiwezi kulizibua gamba hilo upya. Tundu likishatokea halijifungi. Linazibwa na mtu mwenye vifaa, na likiwahiwa linazibwa dogo, bila kung'oa.

Kwa hiyo tumieni, lakini kwa namna hii. Jino likianza kuuma usiku, suuza mdomo kwa maji ya vuguvugu na chumvi, toa chakula kilichonasa, weka karafuu moja nzima pembeni ya jino, ing'ate ilainike, ikae dakika chache, itemewe. Usiiache mdomoni usiku kucha, inachubua fizi. Asubuhi panga safari ya kliniki, hata kama maumivu yameondoka. Hasa kama yameondoka! Na ukiona uvimbe wa uso au wa chini ya taya, homa, mdomo haufunguki au kumeza kunauma, hapo usitafute karafuu wala mtu wa kukushauri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wanaosaga aspirini wakaiweka juu ya ufizi. Wapo wanaotia maji ya betri. Jamani! Aspirini ile inaunguza nyama ya ufizi inakuwa nyeupe kama karatasi. Na ya betri sitaki hata kuieleza, nyote mmesoma kemia.

Sasa mafuta. Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu mafuta ya karafuu yamo majumbani mwetu kwenye vichupa vidogo, na wengi wenu mna wadogo zenu. Karafuu nzima na mafuta ya karafuu si kitu kimoja. Kichupa kile ni karafuu nyingi mno zilizokusanywa pamoja. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mafuta ya karafuu, mililita 5 mpaka 10. Hiyo ni kijiko kimoja cha chai au viwili tu. Akapoteza fahamu, akashikwa na degedege, ini likashindwa kazi, damu ikawa haigandi. Walimwokoa kwa shida. Kwa hiyo kichupa kiwekwe juu, kifungwe, na mtoto mchanga anayeota meno asipakwe kabisa, hata kama anakesha analia. Mtoto akishakunywa, msimtapishe wala msisubiri mpaka azidiwe. Mchukueni hospitali pamoja na kichupa chenyewe, ili daktari aone ni nini.

Mtu mzima akitaka kuyatumia kwa jino, tone moja achanganye ndani ya kijiko cha mafuta ya kupikia, achovye pamba, aguse jino, si ufizi. Na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asijitibu nayo, kwa sababu yujenoli nayo inafanya damu ichelewe kuganda.

Mambo mengine ya karafuu nitayapitia upesi. Chai ya karafuu mbili tatu kwa gesi tumboni au mafua, kunyweni, ni tamu na haina neno. Inatuliza koo. Lakini kikohozi kikifika wiki mbili, chai haitoshi, nenda ukapimwe kifua kikuu. Singo anayosingwa bibi harusi nayo ina karafuu, na inanukia vizuri. Sina ugomvi na singo.

Ila nililetewa karatasi mlangoni, haina jina, na nitaisoma kwa sababu najua aliyeandika si peke yake. Anauliza, je, ni kweli karafuu au mafuta yake yanatibu uchafu unaotoka ukeni na muwasho? Mwanangu, hapana. Ngozi ya huko ni laini kuliko ya mdomoni. Mafuta yataiunguza, itachubuka, na penye mchubuko maradhi yanapita kwa urahisi zaidi, pamoja na virusi vya UKIMWI. Uchafu wenye harufu au muwasho una sababu nyingi, nyingine hazitokani na kujamiiana kabisa. Muuguzi atakupima na atakupa dawa inayofaa. Na wavulana msicheke, hili linawahusu pia. Ukiona usaha au kidonda, mafuta ya karafuu yatakutia ganzi tu, na tumeshaona ganzi inafanya nini.

Jingine ni sigara za karafuu. Indonesia wanazivuta kwa wingi, huko karafuu nyingi inaishia kwenye sigara. Mtu anadhani ni nyepesi kwa sababu haikwaruzi koo. Haikwaruzi kwa kuwa koo limetiwa ganzi! Ndani yake mna tumbaku kama sigara nyingine.

Maswali.

MWANAFUNZI: Mtabibu, nikisugua meno kwa unga wa karafuu, si inatosha?

Unga unakwaruza. Tumia mswaki na dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usiukose. Dawa ikiwa hakuna, mswaki wa mti uliotafunwa ukalainika ni bora kuliko kulala hivi hivi. Na punguza vitamu vya kila saa. Soda ukiinywa mara moja na chakula, afadhali kuliko kuinyonya kidogo kidogo mchana kutwa.

MWANAFUNZI: Kuziba kunauma?

Tunakutia ganzi kwanza. Utasikia mashine inavuma, utasikia maji. Tundu likiwa dogo, wengine hawahitaji hata sindano. Kinachouma ni kule kuchelewa, na hilo nimekuonyesheni kovu lake.

MWANAFUNZI: Na kama nyumbani wanasema nisubiri mpaka mavuno?

Waambie tundu dogo ni kazi ndogo, na tundu kubwa ni kazi kubwa. Na kama hawakusikii, mwambie mwalimu wako wa afya, au njoo mwenyewe utuulize. Kuja kuuliza si kosa.

Haya. Nani jino linamuuma leo hii? Mikono. Mmoja, wawili... wewe wa dirishani umeinua nusu, nimekuona, na hiyo karafuu hujaitema tangu nilipoanza kuzungumza. Nyinyi watatu msiondoke tukimaliza. Nina kioo na tochi kwenye mkoba.